MBA: Kwa nini foleni ya maombi hurefuka uchumi ukiyumba, na mwombaji wa Afrika Mashariki ajipange vipi?

Ajira zikiwa nyingi na mishahara ikipanda, watu husahau darasa. Kampuni zikianza kupunguza wafanyakazi, ghafla kila mtu anakumbuka kwamba kuna shahada inaitwa MBA.

Ndicho kilichotokea tena mwaka 2024. Baada ya maombi kushuka miaka miwili mfululizo, GMAC, taasisi inayosimamia mtihani wa GMAT, ilitangaza kuwa maombi ya shahada za uzamili za biashara duniani yameongezeka kwa asilimia 12 kwa mwaka mmoja.

Kwa kijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali anayeifikiria safari hiyo, takwimu hizo zina maana moja ya haraka: mlango umebaki uleule, ila waliosimama mbele yake wameongezeka. Na si foleni tu iliyobadilika. Mtihani ni mpya, insha ni fupi, akili mnemba imeingia, na kwa baadhi ya nchi za ukanda huu viza ya Marekani imekuwa kitendawili.

Haya ndiyo yaliyobadilika, na maana yake kwa mtu mwenye ndoto kubwa na hela ya mawazo.

Kwa nini uchumi ukishuka, maombi hupanda?

Jibu liko kwenye hesabu ambayo watu wengi huifanya nusu. Gharama ya MBA si ada peke yake. Ni ada, na matumizi ya kuishi, na mshahara ambao mtu anauacha ili akakae darasani.

Chukulia ofisa wa benki anayelipwa shilingi milioni 2.5 za Tanzania kwa mwezi. Akienda masomoni miaka miwili, anauacha mshahara wa shilingi milioni 60. Hizo hazimo kwenye karatasi ya ada ya chuo chochote, lakini zinatoka mfukoni mwake kama zilivyo nyingine.

Sasa benki ikisimamisha kupandisha watu vyeo, au ikianza kupunguza watu, kile anachokiacha kinapungua thamani. Kukaa ofisini hakumpeleki popote, basi bora akasome wakati dhoruba inapita. Wakiwaza hivyo watu maelfu kwa pamoja katika nchi nyingi, maombi yanapanda.

Mwaka 2020, janga la Uviko-19 lilipovuruga ajira, hali ilikuwa hiyohiyo. Ajira zilipofufuka, hasa kwenye kampuni za teknolojia, maombi yakashuka mwaka 2022 na 2023. Kampuni hizohizo zilipoanza kupunguza watu, foleni ikarudi.

Lakini kuna mtego hapa. Anayeingia darasani leo atatafuta kazi baada ya mwaka mmoja au miwili, na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba dhoruba itakuwa imepita.

Mfano mzuri ni Harvard Business School, chuo kilichofunguliwa mwaka 1908 na kuanzisha shahada yenyewe ya MBA. Miongoni mwa wahitimu wake wa 2024 waliokuwa wakitafuta kazi, asilimia 23 walikuwa bado hawajapata miezi mitatu baada ya kumaliza. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa asilimia 10 tu.

Kama jina la Harvard halikuwa kinga, si busara kuichukulia MBA kama tiketi ya kazi. Ni zana, na ina faida kwa yule anayejua anataka kujengea nini.

Mtihani: GMAT ya kaka yako siyo GMAT yako

Kosa linaloonekana sana ni kurithi vitabu. Kaka au dada aliyefanya mtihani mwaka 2019 anampa mdogo wake vitabu vyake, mdogo anakesha navyo, kumbe mtihani huo haupo tena.

GMAT mpya ilianza Novemba 2023, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Mpya inachukua saa 2 na dakika 15. Ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha na mantiki, na uchambuzi wa takwimu. Maswali yote ni 64. Insha imeondolewa, na maswali ya jometri na ya kusahihisha sarufi yameondoka pia.

Alama nazo zimebadilika. Zamani zilianzia 200 hadi 800. Sasa ni 205 hadi 805, na kila alama huishia na tarakimu 5. Kwenye jedwali la ulinganisho la GMAC, 645 ya sasa inalingana na 700 ya zamani.

Hili ni muhimu kulijua. Mtu anayepata 645 na kuambiwa na rafiki zake kwamba "hujafika 700" anaweza kukata tamaa bure, wakati amefika palepale.

Mtihani wa GRE, ambao vyuo vingi vya biashara huupokea sawa na GMAT, nao ulifupishwa Septemba 2023. Sasa unamalizika kwa chini ya saa mbili.

Uchague upi? Kwa ujumla, aliye imara kwenye hesabu na takwimu huiona GMAT kuwa uwanja wake, na aliye na msamiati mpana wa Kiingereza huifurahia GRE. Njia rahisi ni kufanya jaribio moja la bure la kila mtihani, kwenye tovuti za waandaaji wenyewe, kisha kulinganisha. Wikiendi mbili zinatosha kujua.

Mitihani yote miwili inaweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta. Hapa mwombaji wa kwetu apige hesabu mara mbili. Umeme ukikatika au intaneti ikiyumba katikati ya mtihani, siku inaweza kuharibika. Kama kuna kituo cha mtihani mjini, kwenda kituoni kuna usalama zaidi.

Vipi kuhusu vyuo visivyodai mtihani? Wakati wa Uviko-19 vyuo vingi vililegeza sharti hilo, na vingine bado hutoa msamaha kwa mwombaji anayeandika barua ya kuuomba. Lakini msamaha hauondoi swali la msingi: je, utaweza hesabu za darasani? Usipokuwa na alama ya mtihani, jibu lazima lionekane kwingine, kama kwenye matokeo ya chuo, cheti cha uhasibu kama CPA, au kazi yenye takwimu nzito.

Jambo moja la kuokoa fedha: vyuo vingi havidai mtihani wa lugha kama IELTS au TOEFL kwa mtu aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza. Wahitimu wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wamo kwenye kundi hilo. Soma masharti ya chuo kabla ya kulipia mtihani ambao pengine huuhitaji.

GPA ya 5 na GPA ya 4: usibadilishe mwenyewe

Tanzania, vyuo vikuu vingi hutoa GPA kwa kipimo cha 5. Marekani kipimo ni 4. Kenya wengi huhitimu na daraja tu: daraja la kwanza, daraja la pili la juu, na kadhalika.

Waombaji wengi huingiwa na hofu hapa, wakaanza kutafuta kikokotoo mtandaoni kinachogeuza 3.8 ya kipimo cha 5 kuwa kitu kingine. Mara nyingi matokeo yake ni namba inayomuumiza mwenyewe.

Ushauri wa vyuo vingi ni mwepesi: andika alama kama zilivyo kwenye nakala ya matokeo, na utaje kipimo chake. Wasomaji wa maombi wanakutana na mifumo ya nchi nyingi na wana njia zao za kulinganisha. Kinachosaidia zaidi ni kuwaonyesha ulikuwa wapi kati ya wenzako, kama chuo chako kimeandika hivyo kwenye cheti au barua.

Na kama kuna mwaka ulianguka kwa sababu ya msiba, ugonjwa au ada kukwama, fomu nyingi zina nafasi ya maelezo ya ziada. Sentensi nne zinatosha: kilichotokea, ulichofanya, na jinsi alama zilivyopanda baadaye. Usiifanye hadithi ya machozi.

Insha zimekuwa fupi, na hilo halikurahisisha

Kwa miaka kadhaa Harvard iliuliza swali moja pana la wazi. Mwaka 2024 ikaliacha, ikaweka maswali matatu mafupi: moja kuhusu biashara na chaguo zako za kazi, la pili kuhusu uongozi, la tatu kuhusu udadisi na kukua kwako.

MIT Sloan haitaki insha ya kawaida kabisa. Inataka barua ya maombi kama ya kazi, video fupi ya mwombaji akijitambulisha, na mchoro wa ofisi unaoonyesha nani anaripoti kwa nani na mwombaji amekaa wapi.

Mwelekeo uko wazi. Vyuo vinapunguza nafasi ya maneno matamu na kuongeza nafasi ya ushahidi. Kwenye maneno 250 hakuna pa kuanzia na methali, historia ya kijiji na shukrani kwa walimu. Kuna nafasi ya tukio moja tu: tatizo lilikuwa nini, wewe (siyo "timu yetu") ulifanya nini, na kilibadilika nini kwa namba.

Hapo ndipo malezi ya kwetu yanapogongana na fomu. Wengi wamefundishwa kwamba kujisifu si adabu, hivyo huandika "tulifanikiwa" hata pale walipoibeba kazi peke yao. Msomaji wa chuo anabaki hajui mwombaji alifanya nini. Kusema ukweli kuhusu kazi yako si majivuno, mradi namba ziwe za kweli na wenzako watajwe kwa haki yao.

Akili mnemba: msaada unaishia wapi?

Vyuo havina msimamo mmoja. Vingine vinaruhusu programu za akili mnemba kwa kutafuta mawazo na kusafisha lugha, ila vinakataza zisikuandikie jibu zima. Vingine vinamtaka mwombaji aseme kama alizitumia. Sheria ni ya chuo husika, na iko kwenye tovuti yake.

Hata pale inaporuhusiwa, tatizo ni jingine. Insha iliyoandikwa na programu inafanana na nyingine elfu. "Nina shauku ya kuleta mabadiliko chanya Afrika" haimtambulishi mtu yeyote. "Nilitembea na mawakala wa fedha za simu Kahama wiki tatu kabla ya kugundua kwa nini wanakosa salio siku za mnada" inamtambulisha.

Kuna na ile biashara ya zamani zaidi: kulipa mtu akuandikie. Nairobi inajulikana duniani kwa vijana wanaoandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi za darasani kwa malipo, kwa hiyo mwombaji wa ukanda huu hatakosa wa kumpa ofa. Ni hatari kubwa. Vyuo vikubwa hufanya uhakiki wa maombi baada ya kumchagua mtu, na nafasi inaweza kufutwa hata kama ada imeshalipwa.

Isitoshe, vyuo vimejibu kwa kuongeza hatua ambazo hazina mwandishi wa kukodi. INSEAD, Kellogg na Yale huuliza maswali kwa video: swali linatokea kwenye skrini, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha unajibu ukirekodiwa. Wharton huwakusanya waombaji kwenye majadiliano ya kikundi na kutazama wanavyosikilizana. Anayeandika kama mhariri wa gazeti lakini hawezi kuieleza insha yake mwenyewe atajulikana hapo.

Barua ya bosi: "Andika mwenyewe, nitasaini"

Ni sentensi inayosikika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Bosi ana kazi nyingi, anakuamini, na anaona anakusaidia. Lakini fomu za vyuo vingi zinakataza wazi mwombaji kujiandikia barua ya mapendekezo, na barua hutumwa na bosi mwenyewe kupitia kiungo anachopewa kwa barua pepe.

Njia ya kati ipo, na ni halali. Mwombe bosi dakika thelathini. Mpelekee karatasi moja yenye miradi mitatu mliyofanya pamoja, tarehe zake na matokeo yake, na nakala ya maswali ambayo chuo kitamuuliza. Kumbukumbu umemletea wewe. Maneno na hukumu ni yake.

Tena, chagua anayekujua, usichague mwenye cheo. Barua ya mkurugenzi mkuu aliyekuona mara mbili kwenye kikao ina uzito mdogo kuliko ya msimamizi aliyekuona ukikosea na kurekebisha. Barua ya mbunge au waziri asiyejua kazi yako haiongezi kitu.

Viza: angalia mlango kabla ya kulipia nauli

Hapa ndipo mambo yamebadilika kwa kasi kuliko kwingine.

Juni 2025 Marekani iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kwa sehemu kupata viza, zikiwamo za wanafunzi. Desemba 2025 orodha ikapanuliwa na Tanzania ikaingizwa, kuanzia Januari 1, 2026. Kenya, Uganda na Rwanda hazikutajwa kwenye matangazo hayo mawili.

Kwa Mtanzania au Mrundi, maana yake ni hii: kukubaliwa na chuo cha Marekani na kupata viza ni mambo mawili tofauti. Kabla ya kulipa ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vikubwa huzidi dola 200, angalia tangazo la ubalozi la wakati huo. Kisha kiandikie chuo ukiuliza swali moja: nikikubaliwa na viza ikakwama, mnaweza kunihifadhia nafasi hadi mwaka unaofuata? Jibu litakuokolea pesa au litakupa moyo.

Kwa wale ambao mlango uko wazi, kuna mabadiliko mengine. Tangu Juni 2025, waombaji wa viza za wanafunzi Marekani wanatakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Na Septemba 2025 Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B, ambayo wahitimu wengi wa kigeni huitegemea. Baadaye mamlaka ya uhamiaji ilieleza kuwa ada hiyo haimhusu mwanafunzi aliyeko ndani ya Marekani anayebadilisha hadhi yake. Hata hivyo, ni ishara kwamba sheria zinaweza kubadilika ukiwa katikati ya masomo.

Uingereza nako kumebana. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kwenda na mwenza au watoto. Na muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya kuhitimu, ambao umekuwa miaka miwili, utashuka hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027.

Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, kipengele hicho cha familia kinaweza kuamua kila kitu. Ni vizuri kizungumzwe nyumbani mapema, siyo siku barua ya kukubaliwa inapoingia.

Nani atalipa?

Ada ya MBA ya Harvard imepita dola 75,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni dola 150,000. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 375, kabla ya chakula, nyumba na bima. Si mchezo.

Lakini usiishie kwenye namba hiyo. Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uwezo wa mtu kifedha, na mwaka 2022 ilitangaza kuwafutia ada yote wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi, takriban asilimia 10 ya darasa. Mwombaji wa kipato cha kawaida cha Afrika Mashariki ndiye hasa mtu ambaye mfumo wa namna hii unamlenga.

Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening unamtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na takriban miaka miwili, na arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Tahadhari moja: kwa MBA, Chevening huweka kikomo cha ada inayolipa. Ada ikizidi kikomo hicho, tofauti ni yako. Watu wamefurahia kupata Chevening kisha wakakwama kwenye tofauti hiyo.

Kuna pia mikopo ya wanafunzi wa kimataifa isiyodai mdhamini wala hati ya nyumba. Mfano ni Prodigy Finance, iliyoanzishwa mwaka 2007 na wahitimu wa INSEAD. Mkopaji huangaliwa kwa mshahara anaotarajiwa kuupata baadaye.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Deni liko kwa dola au pauni. Ukirudi nyumbani na kulipwa kwa shilingi, kila shilingi inaposhuka deni lako linapanda bila wewe kukopa senti zaidi. Mwenye mpango wa kurudi afanye hesabu kwa mshahara wa Dar au Nairobi, asifanye kwa mshahara wa New York.

Na ukibaki nyumbani?

Kwa wengi hili ndilo chaguo la kwanza, na hakuna la kuonea haya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria hutoa MBA nchini Tanzania. Arusha kuna ESAMI, taasisi inayomilikiwa na serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Nairobi kuna Strathmore, USIU-Africa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampala kuna Shule ya Biashara ya Makerere.

Faida yake kubwa ni ileile hesabu ya mwanzo: anayesoma jioni au wikiendi hauachi mshahara. Na mtandao anaoujenga ni wa watu atakaofanya nao biashara kesho, siyo wenzake watakaotawanyika mabara matano.

Kwa anayetaka jina la kimataifa bila kuliacha bara, vyuo vya biashara vya Cape Town na Stellenbosch nchini Afrika Kusini vina ithibati zote tatu kubwa za dunia: AACSB, EQUIS na AMBA. Vyuo vyenye zote tatu ni takriban asilimia 1 tu ya vyuo vya biashara duniani. INSEAD nayo, pamoja na Ufaransa na Singapore, ina kampasi Abu Dhabi, na MBA yake huchukua miezi 10 tu.

MBA ya mtandaoni nayo imekua. Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha yake mwaka 2016 kwa ada ndogo kuliko ya darasani, na mwaka 2019 kikatangaza kuifunga ile ya darasani kabisa. Lakini mtandaoni ndiko pia kuliko na matapeli. Kabla ya kulipa, angalia ithibati ya chuo kwenye tovuti ya chombo kilichoitoa, siyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Kwa Tanzania, uliza TCU kama shahada hiyo itatambuliwa. Wapo waliogundua wakati wa kupandishwa cheo kwamba cheti chao hakihesabiki.

Ratiba: hesabu kuanzia mwisho

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza Septemba, ya pili Januari, na kwa baadhi, ya tatu karibu na Aprili. Harvard ina mbili tu. Awamu ya tatu huwa na nafasi chache na fedha za ufadhili zimeshapungua, hivyo si rafiki kwa mwombaji wa kigeni anayehitaji viza na msaada.

Anayelenga Septemba ahesabu kurudi nyuma hivi:

- Januari hadi Machi: fanya majaribio ya GMAT na GRE, chagua mmoja, anza kusoma. Hakikisha pasipoti haijakaribia kuisha.
- Aprili na Mei: fanya mtihani. GMAT inaweza kurudiwa baada ya siku 16, hivyo acha nafasi ya kurudia.
- Juni: omba nakala ya matokeo chuoni. Ofisi za masjala huchukua muda, usisubiri Agosti. Zungumza na wapendekezaji wako wawili.
- Julai na Agosti: andika insha, mpe mtu mmoja anayekujua na mmoja asiyekujua wazisome. Fuatilia madirisha ya ufadhili. La Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa miezi miwili hivi baadaye.
- Septemba: tuma siku tatu kabla ya mwisho. Saa ya mwisho huandikwa kwa muda wa Marekani au Ulaya, na siku hiyo ndiyo umeme hupenda kukatika.

Na chuo kimoja cha nyumbani au cha jirani kiwe kwenye orodha tangu mwanzo. Viza ikikataa au ufadhili ukikosekana, mwaka wa mtu haujapotea: GMAT au GRE aliyofanya inabaki halali kwa miaka mitano, na darasa la jioni linaweza kuanza wakati anasubiri dirisha lijalo.